Waya Wako Hautang'olewa

Baba Hidaya,

Amani ya Mola ikufikie hapo ulipolazwa. Nimewafundisha watoto wa watu maisha yangu yote kwamba kinachomfikia maiti ni dua na sadaka, wala si karatasi. Dua zako umezipata alfajiri na utazipata tena jioni. Barua hii naiandika kwa ajili yangu mimi niliyebaki. Nilizoea kukusimulia mambo ya mchana kabla hatujalala, na kimya hiki bado sijakizoea.

Gari la jeneza la msikiti lilisingiziwa, nawe ukasingiziwa pamoja nalo.

Nilikuwa ndani ya eda betri ilipoanza kufa. Issa dereva alikuwa akiliegesha jioni likiwa zima, na asubuhi akizungusha ufunguo halina hata nguvu ya kuguna. Wakanunua betri mpya, nayo ikafa vilevile. Kisha ikatokea aibu. Mama mmoja wa Lusu alifariki hospitali hapa mjini, ndugu zake wakasimama nje na jeneza, gari likagoma kuwaka. Yule mama akatolewa hospitali juu ya guta la kubebea mizigo, jeneza limefungwa kwa kamba ya manila, mpaka walipopata gari la kukodi.

Ijumaa iliyofuata shemeji Kondo, ambaye unajua bado ndiye mwenyekiti wa kamati, alisimama baada ya swala. Akawaambia watu wote kwamba nyaya ulizoongeza wewe, za taa ya ndani, feni na amplifaya ya kisomo, ndizo zinazonyonya betri, na kwamba ameagiza fundi aje azing'oe. Baadhi ya watu wakaongeza yao: gari lina jini, linamlilia mwenyewe. Hidaya, binti yetu, aliniletea habari hizo huku akilia. Mimi sikulia. Nilikuwa nimekulilia wewe vya kutosha, na machozi ya kumlilia Kondo sikuwa nayo.

Nikamwita. Alikuja akakaa barazani, nami nyuma ya pazia. Nikamwambia, "Shemeji, mwenye kazi hayupo wa kujibu, na mimi sheria imeniweka ndani. Mkizing'oa nyaya hizo kabla sijatoka, mtakuwa mmemhukumu maiti bila kumsikiliza shahidi wake."

Akakohoa kile kikohozi chake. Akasema kamati itanistahi mpaka eda iishe, ila siku hiyo ikipita, fundi atafanya kazi yake.

Walikuja wanawake wenzangu kunisihi. Walisema nyaya ni nyaya tu, nimwachie Mungu. Niliwajibu kwamba Mungu nimemwachia roho yako, maana ni yake. Kazi ya mikono yako aliniachia mimi. Nimekuzika wewe, Baba Hidaya, jina lako sijalizika.

Siku eda ilipokwisha nilioga, nikajifukiza udi, nikavaa nguo mpya kama inavyopasa. Wazee walikuwa wakinisubiri nikawasalimie nyumba kwa nyumba. Sikwenda. Nilichukua mita yako ya kupimia umeme, nikaenda uani kwa msikiti na kumwomba Issa afungue boneti. Najua walichosema walioniona, mjane amejifukiza udi kisha anainamia injini. Waache waseme.

Hawakujua kwamba macho yako yalipochoka ni mimi niliyekusomea namba za mita. Wewe ulishika nyaya, mimi nilitaja namba, nawe ukanieleza maana yake. Nilifanya kama ulivyokuwa ukifanya. Nilihakikisha ufunguo umetolewa na taa zote zimezimwa, nikafunga milango ili taa ya ndani isinidanganye, nikachomoa waya wa hasi kwenye betri, kisha nikaiweka mita katikati ya waya na betri ili umeme unaotoroka upite kwangu kwanza. Nikasubiri. Ulikuwa ukisema gari nalo huchelewa kusinzia.

Halikusinzia. Namba ilibaki juu, kama ya gari lililo macho.

Kondo alikuwa amefika, anatazama kwa mbali, mikono nyuma. Nikamwambia Issa achomoe fyuzi moja moja, na kila moja airudishe kabla hajagusa nyingine. Ya taa yako, namba haikutikisika. Ya feni yako, haikutikisika. Ya kile kifaa cha kufuatilia gari, ambacho kamati yenyewe ilikifunga baada yako, namba ikashuka kidogo tu. Kinakunywa, lakini kwa kijiko. Ilipotoka fyuzi ya amplifaya, namba ikaanguka.

"Haya, shemeji," Kondo akasema. "Si ndiyo yale niliyosema?"

Niliingia nyuma, mahali anapolazwa maiti, nikaweka kiganja juu ya amplifaya. Ilikuwa ya moto. Gari limeegeshwa tangu asubuhi, hakuna sauti, nayo ni ya moto. Nikamwambia Issa airudishe fyuzi, nikashika kitufe cha sauti, nikakizungusha taratibu.

Kikatoka kisomo. Katikati ya sura, pale pale kilipoachia, sauti imetulia, kama mtu ambaye hajawahi kukatizwa.

Nilikaa pale pale juu ya ubao wa jeneza, Baba Hidaya. Si kwa huzuni tu. Nilikuwa nimekwisha kuelewa.

Issa akainamisha kichwa. Akasema, "Bi Maalimu, mimi naona vibaya kuyakata maneno ya Mungu katikati. Kiarabu sikusoma. Nikirudi hapa uani naipunguza sauti mpaka chini, nayaacha yajimalizie."

Nayo hayajimalizi. Ile flashi yenye kisomo ikifika mwisho inaanza upya, usiku na mchana, bila msikilizaji, mpaka betri inakauka. Wewe, uliyekuwa ukikisimamia kisomo mwenyewe, ulikuwa ukibaki garini baada ya kila maziko, watu wakidhani umechoka. Ulikuwa unasubiri msomaji afike mahali pa kusimama ndipo uzime. Hukumwambia mtu, maana hukuona kwamba ni jambo la kuambiana.

Kondo hakuridhika. Alisema waya ni wako na umeunganishwa moja kwa moja kwenye betri, basi na uhamishiwe kwenye ufunguo, gari likizimwa kisomo nacho kizimike. Hapo ndipo nilipopandisha sauti, Mungu anisamehe kama nilivuka adabu. Nilimwambia uliunganisha hivyo kwa makusudi. Ulisema wapagazi wa misafara walizikwa kando ya njia yetu hii ya kwenda Ujiji kwa haraka, mizigo ikisubiri, na wengi hawakusomewa hata herufi moja. Ukaapa kwamba anayepelekwa na gari hili atasomewa mpaka udongo wa mwisho, injini ikiwa imezimwa, pasiwe na ngurumo wala moshi juu ya maiti. Waya huo ni nadhiri yako. Nani atakayeing'oa?

"Sasa dawa yake nini?" akauliza. "Au betri nayo tuipeleke madrasa?"

"Betri haina kosa," nikamwambia. "Mlete dereva."

Akacheka, akasema tangu azaliwe hajasikia gari likitibiwa kwa tajwidi. Issa naye akacheka. Hata mimi, nakiri, niliuma mtandio wangu.

Nilimkalisha Issa jioni chache. Nilimfundisha kwamba kusimama mwisho wa aya si kuyakata maneno ya Mungu, ndivyo Mtume mwenyewe alivyosoma. Nilimfundisha kuisikia pumzi ya msomaji inaposhuka na kutua. Hahitaji kujua Kiarabu kwa hilo, anahitaji kutulia. Akishaisikia, azime swichi yenyewe, asipunguze sauti.

Betri haijafa tena.

Kondo alitaka tuyamalize kimyakimya, akasema yamekwisha, shemeji, tusitoneshane. Nikakataa. Nilimwambia alikusema mbele ya watu, basi akutakase mbele ya watu, na Issa asitajwe. Ijumaa ile nilikaa upande wa wanawake nikasikiliza. Alisimama. Alisema nyaya za marehemu ni salama, kasoro ilikuwa katika matumizi, na yeye alitangulia kusema kabla ya kupima. Ndipo Issa aliponyanyuka bila kuombwa, akasema, "Matumizi hayo ni yangu." Nikamheshimu kuliko wote waliokuwa ndani.

Juzi walikwenda kuzika Tura. Sisi wanawake hatufiki makaburini, hivyo nilingoja habari kwa Issa. Aliniambia injini ilizimwa, kisomo kikaendelea mpaka udongo wa mwisho. Akabaki garini akisikiliza, pumzi ikashuka, akazima. Wakati wa kurudi gari likawaka mara moja.

Basi pumzika, mume wangu. Mola akupanulie kaburi na akutilie nuru. Mita yako naitunza mimi, na Hidaya nimeanza kumsomesha namba zake. Ninakuahidi kwamba pumzi ikiwa bado imo ndani yangu, hakuna koleo litakalogusa waya ule. Na siku nitakayolazwa mimi nyuma ya gari hilo, Issa ameniapia kwamba hatanipunguzia sauti.

Mkeo,
Mama Hidaya