Tairi Lililolika Upande Mmoja

Bilele, Bukoba. Jumatano. Mvua tangu asubuhi, na mimi sina raha.

Leo nimemwambia shemeji yangu Anatoli jambo ambalo nilipaswa kumwambia kabla kahawa haijaanza kuiva.

Anatoli, mume wa dada yangu, ni dereva wa zahanati inayotembea. Nyuma ya lori huvuta karavani, chumba cha bati chenye magurudumu mawili, dawa na kitanda kimoja, kutoka hapa mjini hadi Muleba na kurudi. Mimi kazi yangu ni kukata katambuga, viatu vya matairi makuukuu. Kila tairi la karavani lilipochakaa, aliniletea.

La kwanza lilinishangaza. Upande wa ndani ulikuwa umelika hadi nyuzi zinaonekana. Upande wa nje meno yote yapo, kama jipya. La pili likaja vilevile, kutoka gurudumu lilelile la kushoto. La tatu pia.

Nilijua. Hilo ndilo linaloniuma.

Wakati wa vita nilikuwa karakana ya jeshi kule Burma. Sajini wetu alitufundisha kwamba tairi likilika upande mmoja, usililaumu tairi. Ekseli, chuma kinachoshika magurudumu, imepinda, gurudumu halitazami mbele, linaburuzwa kiubavu njia nzima. Ukifunga jipya bila kunyoosha ekseli, nalo litakwisha hivyohivyo.

Ningeweza kuyasema hayo kwa pumzi moja. Lakini ile nusu ya nje isiyolika ilitoa soli bora kuliko zote nilizowahi kukata tangu nirudi nyumbani. Wakulima wa Ijuganyondo na Kitendaguro walizisifu. Nami nilipenda kusifiwa.

Tena aliniuliza. Alisimama mlangoni na lile tairi la tatu begani, akasema, "Shemeji, wewe uliyekaa na magari, mbona haya yanaisha upesi hivi?"

Nikamjibu bila kuinua macho, "Barabara zetu, shemeji. Mawe matupu."

Akacheka, akaliacha tairi, akaenda zake.

Ijumaa iliyopita, kwenye mteremko wa Muhutwe, tairi la nne lilipasuka. Karavani ililala ubavu, ikaburuzwa hadi ndani ya kibanja cha mtu, katikati ya migomba. Ndani alikuwamo Yustina, mkunga. Alikuwa amekaa humo kuzishikilia chupa zake zisivunjike.

Mkono wake wa kulia umevunjika mahali pawili. Jumapili baada ya ibada nilikwenda kumwona hospitalini, akaniambia vidole viwili havisikii kitu. Huyu ndiye aliyewapokea watoto wangu wote watatu. Nikasimama kando ya kitanda, nikamwombea kwa sauti, nikaondoka bila kusema nilichokijua.

Naona haya hata kuliandika hilo.

Leo asubuhi Anatoli ameachishwa kazi. Ofisini wanasema alikimbiza gari. Alikuja kwangu moja kwa moja, nguo zikidondoka maji, akaketi chini.

"Waitu, shemeji yangu, sikukimbia," alisema. "Mungu anajua sikukimbia." Kisha, kwa sauti ndogo, "Au nilikimbia bila kujua?"

Mtu aliyeendesha miaka yote hiyo bila kukwaruza hata mbuzi, leo ameanza kujitilia shaka mwenyewe. Hapo nikashindwa kuendelea kunyamaza.

Nilimwambia yote: ekseli, Burma, soli zangu, na lile jibu nililompa. Alinisikiliza hadi mwisho. Nilitegemea anipige, na angenipiga ningeshukuru.

"Nilipokuuliza, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

Akainuka, akasema, "Andika. Kwa Kiswahili kizuri, Bwana Daktari, mkuu wetu wa zahanati, asome mwenyewe. Na jina lako uliweke."

Nimeandika kurasa mbili, nimetia sahihi. Nimeomba ekseli ipimwe kabla hawajaifungia karavani tairi jingine. Anatoli aliikunja barua, akaitia ndani ya shati, akatoka kwenye mvua. Hakuaga.

Barua ile huenda ikamrudishia kazi. Mkono wa Yustina hauponi kwa barua.

Kesho nitakwenda hospitalini mapema, kabla hajasikia kwa mtu mwingine. Safari hii sitaomba dua, wala sitaomba anisamehe. Nitamwambia, kisha nitanyamaza, aseme yeye.