Napenda Pa Chini

4 Machi

Shemeji yangu,

Natumai barua hii itakukuta u mzima, na magoti yamekupa nafuu angalau ya kufika posta na kurudi. Mimi sijambo, ukitoa nyonga ya kushoto, bega, na usingizi. Vilivyobaki vyote vizima.

Siku tunamzika dada yako uliniambia nikikosa usingizi nisilale nikihesabu mbao za dari, niamke nikuandikie. Nimehesabu mbao miezi kumi na moja. Ziko thelathini na nne, moja ina ufa. Sasa nimeamua kukutii.

Juzi nilikwenda hospitali kwa yule binti wa mazoezi ya viungo. Kaniinua mguu, kaukunja, kaniuliza inauma hapa, inauma pale, mpaka nikamwambia, mama, uliza pasipouma, tutamaliza mapema. Akasema maumivu yanakula usingizi, na usingizi ukipungua maumivu nayo yanapanda. Nikiendelea hivi, mwaka hautaisha kabla sijaweka sindano chini. Kisha akauliza godoro langu lina miaka mingapi. Shemeji, mimi fundi magodoro wa miaka arobaini nilimdanganya mtoto wa watu. Nilisema mitatu. Lina kumi na tisa. Akauliza kama liko sawasawa, nikasema limenyooka kabisa.

Wewe sikufichi. Upande wa dada yako umebonyea, bonde la kuingia mtu. Tangu tulipotoka makaburini nimehamia humo. Ni mwili wake uliolichimba, na ndicho kitu pekee chenye umbo lake kilichobaki humu ndani. Bega langu haliingii vizuri, nyonga inakaa juu ya ukingo, na saa nane niko macho. Lakini sihami.

Nisalimie magoti.

Shemeji yako


10 Machi

Shemeji Fundi,

Nimepokea barua yako nami nimefurahi, ingawa mwandiko unaonyesha uliandika huku umelala chali. Pole sana kwa nyonga. Huku magoti yananung'unika kila nikijigeuza, na vidole vyangu, vilivyopiga taipu ofisini miaka thelathini na miwili, asubuhi havifungi hata kifungo cha blauzi mpaka nimalize chai ya pili. Zamani nikikosa usingizi nilikuwa naandika kwa mashine yangu kuukuu, ila jirani wa juu alishuka na kandambili mkononi kuja kunisalimia. Sasa natumia kalamu.

Sikiliza ninavyofanya mimi. Jioni nachemsha maji, natia kwenye chupa, naifunga taulo na kuikalisha juu ya magoti. Mchana silali hata macho yakiniwasha. Usiku nikikaa macho muda mrefu sigombani na shuka. Naamka, nakaa kwenye kiti, nakunja nguo mpaka kope zilegee. Nguo zangu siku hizi zimekunjwa kuliko za dukani. Na naweka mto katikati ya magoti, tatizo ni wa sponji, unateleza, asubuhi naukuta chini ya meza.

Hizo ndizo dawa zangu. Sasa njoo kwako. Wewe, unayewagombeza wateja kwa kutochambua magodoro yao kila baada ya miaka mitatu, unalala shimoni? Nimecheka peke yangu, halafu nikaacha kucheka. Mimi na dada tulilala kitanda kimoja mpaka ulipokuja kumwoa. Nami namkumbuka usiku kuliko mchana, mgongo wake uliokuwa na joto, na alivyokuwa akininong'oneza habari za shule mpaka mama agonge ukuta. Naelewa. Lakini lifungue hilo godoro, shemeji, ulichambue, ulijaze upya. Sindano unayo, mikono unayo.

Na tuwekeane sharti. Barua ni za wasiolala. Tukinyamaza, kila mmoja ajue mwenzake amelala.

Shemeji yako


17 Machi

Shemeji,

Salamu nyingi, na pole kwa kandambili. Chupa ya maji moto nimejaribu, inasaidia. Kukunja nguo nimejaribu pia, zimekwisha baada ya dakika tano, maana nina mashati manne.

Kuhusu godoro, hapana.

Nikueleze, uelewe. Lile godoro nililishona mwaka tuliohamia chumba hiki cha nyuma ya karakana. Kitambaa chake ni kile cha mistari ya kijani, kilibaki kwenye kazi ya shule. Dada yako alikaa sakafuni siku mbili akichambua sufi, anatoa mbegu moja moja, nywele zote zimejaa nyoya nyeupe, anapiga chafya, anacheka. Yeye ndiye aliyenitungia uzi. Alishona pembe mbili kwa mkono wake wa kushoto, mishono ikalala upande usio wake, nikamtania kwamba godoro linatembea kinyumenyume.

Na ni kazi, shemeji. Sijisifu. Upande wangu mpaka leo haujashuka hata kidole, na unajua nilivyo mnene. Wateja wakibisha kuhusu sufi huwa nawaingiza ndani, nawaambia bonyezeni hapa, miaka kumi na tisa hii. Kila mwaka nikienda siku tatu kununua sufi kule inakovunwa, nikirudi, usiku wa kwanza nalala fofofo. Nilikuwa namwambia dada yako ni raha ya kurudi kwake. Anacheka tu, anageukia ukutani.

Ndiyo maana silifungui. Nikilichambua, lile bonde linakwisha kwa asubuhi moja. Sufi haikumbuki kitu ikishapigwa fimbo, naijua. Halafu nitabaki na nini?

Juzi kweli nilisinzia kazini. Mama mmoja alikuja kuchukua godoro lake akanikuta nimelala juu ya godoro hilo hilo, sindano mkononi. Ameomba apunguziwe bei.

Shemeji yako


22 Machi

Shemeji,

Salamu. Barua hii fupi kwa sababu nina hasira, na vidole vyangu haviwezi hasira ndefu.

Dada yangu hayumo ndani ya godoro. Angekuwepo angekutoa humo kwa ufagio. Umesinzia na sindano mkononi, kesho itaingia kwenye jicho. Unajitesa halafu unaita kumbukumbu. Yeye alikuwa mtu anayepika, anayegombana, anayekata nywele za nusu ya mtaa, wewe umebaki na shimo lake tu na kulilinda.

Lifungue, au usiniandikie tena habari za nyonga.

Shemeji yako


6 Mei

Shemeji,

Habari za siku nyingi? Mimi mzima. Wiki sita sasa hujaandika. Tulikubaliana tukinyamaza maana yake tumelala, lakini huu si ukimya wa usingizi, hilo hata mimi nalijua. Umenuna, na una haki. Nisamehe. Nilikuandikia kama karani.

Nami nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu, halafu tutakuwa sawa. Nina kitanda kikubwa, naishi peke yangu, na mpaka leo nalala nimejibana ukutani. Upande wa nje naacha wazi. Usiku nikiamka na magoti yanauma, kwanza naogopa nisimpige dada teke.

Kile kitanda chetu cha utotoni kilikuwa na chaga moja iliyovunjika, upande huo wa nje. Kila Jumapili baba alisema ataitengeneza. Mtu akilala pale anadidimia mpaka kiuno. Dada alilala hapo miaka yote. Nikimwambia leo zamu yangu, ananisukuma ukutani anasema, "Mimi napenda pa chini." Nikaamini. Nyumbani tulimwita Unyoya kwa wepesi wake, nikaona labda watu wepesi ndivyo walivyo. Nilifikisha miaka arobaini ndipo nilipojiuliza nani anapenda chaga iliyovunjika, na kufikia hapo nikaona aibu kumuuliza.

Basi baki na bonde lako, shemeji. Mimi nimebaki na upande wangu wa ukutani. Niandikie hata mstari mmoja.

Shemeji yako


19 Mei

Shemeji yangu mpenzi,

Salamu zangu zikufikie palipo na nafuu. Sikununa, au nilinuna wiki mbili, zilizobaki nilikuwa naona haya.

Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni. Nilipofika kwenye yale maneno ya dada yako nikakaa chini. Maana hata mimi aliniambia hivyo hivyo. Si mara moja. Nilikuwa naona upande wake umeshuka, namwambia, mama, nipe asubuhi moja nikuchambulie, nisiaibike mimi fundi. Anajibu, "Acha, napenda pa chini." Nami nikaacha. Nilikuwa na kazi za watu.

Sasa nikaanza kufikiri kama fundi, jambo ambalo sikulifanya mwaka mzima. Dada yako alikuwa mwepesi, mimi mzito mara mbili yake. Sufi ni ile ile, tulijaza siku moja. Wangu haujashuka hata kidole, wake umekuwa shimo. Mteja angeniletea godoro la namna hiyo ningemwambia papo hapo, bwana, hapa pameibwa sufi.

Niliita fundi viatu wa jirani akanisaidia kuligeuza. Chini, katikati, kulikuwa na mshono ambao si wangu. Mishono imelala kushoto. Nikafumua. Kando yake kulikuwa na mwingine, halafu mwingine, kila mmoja na uzi wa rangi yake: wa bluu wa kazi ya hospitali, mwekundu wa yule mwenye nyumba ya wageni, mweupe, wa kijani. Rangi sita. Nyonga ilianza kuniuma miaka sita kabla hajafariki.

Umeelewa, shemeji? Kila nilipoondoka kwenda kununua sufi, alilifungua, akatoa upande wake, akajaza upande wangu, akalifunga kabla sijarudi. Angeweza kuchukua sufi ya karakana, lakini ilikuwa ya wateja, na mimi napima. Akachukua yake. Nami nikarudi, nikalala fofofo, nikasema ni raha ya kurudi nyumbani. Upande wake mwishoni ulikuwa kama vitambaa viwili na vumbi. Nimekumbuka alivyokuwa akiamka amejishika kiuno, nami nikasema ni umri.

Lile bonde si mwili wake uliolichimba. Nililichimba mimi, kwa kulala vizuri.

Nimelia, nakuambia wazi, fundi viatu shahidi, alitoka nje akajifanya anatafuta msumari. Nimelala pa chini mwaka mzima na zaidi. Hakuna mtu anayepapenda, shemeji. Hakuna.

Kesho yake nililichambua lote, nikalipiga fimbo taratibu kwa sababu ya bega. Sufi yake niliirudisha upande wake, na yangu upande wangu. Pembe zake mbili sikuzigusa, na zile nyuzi sita nimezifunga pamoja nikazishonea kwa ndani, palipo na mto. Sasa nalala katikati.

Zilibaki konzi chache. Nimekushonea mto mdogo wa kuweka kati ya magoti, nimeufunga utepe ili usiende chini ya meza. Sufi ile ilitoka upande wake. Fundi viatu anakwenda huko kwenu, atakuletea.

Shemeji yako


24 Juni

Shemeji,

Hujambo? Mimi nyonga ingali inauma, hilo tusidanganyane, lakini usiku napata saa nne mfululizo, na jana tano. Yule binti wa mazoezi kaniuliza nimefanya nini. Nimemwambia ukweli wote kuanzia ile miaka mitatu. Kasema nisiache mazoezi, na sindano niishike nusu siku tu. Nimekubali.

Fundi viatu anasema mto alikukabidhi mkononi. Tangu hapo kimya, mwezi sasa. Sijui huu ni ukimya gani. Kama umechukia kwamba nilimtesa dada yako bila kujua, sema, nitaelewa. Kama unaumwa, mwambie hata huyo jirani wa kandambili aniandikie.

Nangoja.

Shemeji yako


2 Julai

Shemeji Fundi,

Salamu, na tulia. Siumwi zaidi ya kawaida yangu, na sijachukia. Hata wewe alikudanganya, tena wewe fundi, basi nami nimejisamehe kidogo.

Siku ya kwanza ulipofika mto wako nilikaa nao kwenye kiti mpaka chai ikapoa. Una harufu ya nyumbani kwenu. Usiku niliufunga utepe kama ulivyoagiza, nikageukia ukutani kama kawaida.

Nilipofumbua macho jua lilikuwa limefika kwenye kabati, na nilikuwa upande wa nje. Nimejinyoosha pale miguu yote miwili, sikumpiga mtu teke. Si kila siku, magoti ni magoti. Lakini kila jioni tangu hapo nasema leo nikikosa usingizi nitamjibu shemeji, naweka kalamu na karatasi mezani, halafu kunakucha.

Nilikuwa nimelala, shemeji. Leo nakuandikia mchana.

Shemeji yako