Uji wa Mzazi

Bangwe, 3 Machi 2024

Baba, shikamoo. Sisi wazima. Agape ana miezi miwili, analia kwa sauti yako ya darasani. Mama Nehemia, mkwe wangu, bado ananilea: kila asubuhi uji wa karanga ili maziwa yajae. Karanga nzuri aliuza. Zenye ukungu ananitwangia. Husema, "Zikishatwangwa, nani atauona?" Je, zina madhara?

Binti yako,
Melania

Kalinzi, 6 Machi

Marahaba mwanangu. Mimi mzima, goti tu linalalamika. Nikueleze taratibu. Ukungu ule huacha sumu, huitwa sumukuvu. Kuosha hakuiondoi, na moto wa jikoni hauimalizi. Ukiila, sehemu yake hupita kwenye maziwa ikamfikia mtoto. Huumiza ini kimyakimya. Uji huo usiunywe tena.

Baba yako

Bangwe, 12 Machi

Shikamoo Baba. Pole na goti. Uji nimeacha, nasingizia tumbo. Lakini niliokwisha kunywa umo mwilini, kwa hiyo nimemwachisha Agape ziwa. Namkorogea uji mwepesi wa mahindi. Anautapika, na mashavu yamepungua. Matiti yananiwaka moto. Mama Nehemia simwambii; atasema namwita muuaji wa mjukuu wake.

Melania wako

Kalinzi, 14 Machi

Melania, simu yako haipatikani. Hamdani wa bodaboda anakuletea hii. Mrudishe mtoto ziwani kabla hujamaliza kusoma. Nilikueleza sumu nikasahau la muhimu: ukiacha chakula kibovu, ndani ya siku chache sumu hupungua sana kwenye maziwa. Uji kwa mtoto wa umri huo ni hatari zaidi, na mahindi nayo hupata ukungu uleule. Akigoma, mkamulie kwenye kikombe, umpeleke kliniki leo. Mama Nehemia mwambie ukweli. Anayekupikia kila asubuhi hataki kukuua, hajui tu.

Baba yako

Bangwe, 19 Machi

Baba, shikamoo. Agape aligoma, kliniki wakanionyesha namna ya kumweka kifuani. Jana alilishika ziwa mwenyewe, akanyonya mpaka usingizi.

Mama Nehemia nilimwambia. Akaingia jikoni, nikajua nimeharibu. Akatoka na gunia la karanga.

"Mwalimu baba yako anasemaje, kuku nao wasipewe?"

"Nao wasipewe, mama."

Akazitupa zote chooni, anafoka: "Namlisha mzazi sumu, naye anasingizia tumbo! Mimi ni simba wa kuogopwa?"

Sasa ameniwekea ugali na samaki aina ya mgebuka, amekaa mbele yangu.

"Mjukuu wangu ameshiba," anasema. "Wewe je? Weka kalamu chini."

Naiweka.

Binti yako