Baa Nne za Mzee Alan

Jumanne, 4 Machi

Kiatu kimoja cha Neema kimepotea. Nimekikuta ndani ya friji. Baba Neema alirudi kutoka ghalani asubuhi, akalala na nguo za kazi. Nikambeba mtoto twende naye kwa Mzee Alan, kama kila Jumanne.

Mzee namwogesha, namvalisha, nampa dawa. Kila kitu naandika kwenye daftari, na Ijumaa natuma picha za kurasa kwa binti yake, Bi Helen, aliye Houston. Ndiye aliyeniajiri.

Mzee ni Mwingereza. Zamani, kila kiangazi, yeye na mkewe walizunguka miji ya kwao wakiingia baa za kale, nusu glasi ya bia hapa, nusu glasi kule, na kuandika ladha kwenye kijitabu. Mke amefariki. Miguu haifiki tena Uingereza. Basi amechagua baa nne za Kiingereza za huku Texas, na kila moja ameipa jina la mji wa kwao. Daktari amekubali nusu glasi kwa wiki. Bi Helen pia, kwa sharti moja: akipaliwa, nimwambie. Akianza kupaliwa hawezi kukaa peke yake tena, atamhamishia Houston.

Mzee hataki Houston. Mimi sitaki kupoteza kazi.

Leo baa ya Fort Worth. Ndiyo York. Giza, mbao, picha za farasi. Neema kala viazi vyote. Kwetu Bukavu anayempa mtu kinywaji huonja kwanza, ajulikane hana nia mbaya. Ila mimi nimeokoka, sinywi. Nikagusisha mdomo tu, nikafuta upesi, nikampa glasi. Sidhani aliona.

Jumanne, 11 Machi

Richardson. Ndiyo Shrewsbury. Mzee alivaa tai.

Funda la tatu akapaliwa. Si kikohozi cha kawaida. Uso mwekundu, macho yanatoka machozi, mkono umeshika meza. Nikamwinamisha mbele. Neema akaacha kula. Baadaye ikapita.

Mzee akanishika mkono wa sweta. "Usiandike, mama. Ukiandika umenifukuza nyumbani kwangu."

Nikamwambia mimi si mtu wa kuficha. Akasema anajua. Hakuachia sweta.

Sikuandika. Niliandika: amekula vizuri, ametembea kidogo. Kwa mkono wangu mwenyewe.

Ijumaa, 14 Machi

Nimetuma picha za daftari. Bi Helen amejibu kwa kapicha ka ua. Ua!

Jumapili, 16 Machi

Neema amewaambia watoto wa kanisani mama yake huenda baa na babu mzungu. Mama Shukuru wa kwaya akanisubiri mlangoni, mbele ya watu: "Mama Neema, karibu! Leo umepita kwetu kwanza, ama umetokea kanisa la chupa?" Wakacheka wote. Mimi pia. Kwenye gari Baba Neema akauliza kama ni kazi. Nikasema ni kazi. Akasema basi, wacheke.

Hilo haliniumi. Kinachoniuma kiko kwenye daftari, na hakuna anayekijua ila mimi na Mzee na Mungu.

Jumanne, 18 Machi

Asubuhi alipaliwa na chai. Sauti yake ina maji ndani, kama mtu anayesema kutoka bafuni. Nikasema leo hatuendi Plano. Akaniita askari. Nikasema sawa, mimi askari. Akakaa na koti lake mlangoni saa nzima, mgongo umeinama.

Nikashindwa. Najua ni ujinga. Nikamfunga mkanda wa gari.

Plano ndiyo Ludlow. Funda moja, akakohoa mpaka mhudumu akaja mbio na maji. Nikasukuma glasi mbali. Akaitaka. "Hapana, Mzee. Imetosha." Hakuniangalia njia nzima. Neema alimpa mdoli wake amshikie, akamshika.

Daftari liko wazi mbele yangu. Bado sijaandika. Nimechoka hadi kope.

Jumatano, 19 Machi

Mzee ana homa, mia na moja kwa kipimo cha huku. Anapumua kwa kukwaruza.

Nimempigia Bi Helen. Nimesema yote, Richardson, chai, Plano. Na kwamba nilificha. Akasema: "Mpeleke hospitali. Hayo mengine baadaye."

Nimempeleka mwenyewe. Akifa, ni mimi.

Ijumaa, 21 Machi

Hajafa. Chakula na kinywaji vimekuwa vikiingia mapafuni. Mtaalamu wa kumeza amesema kila cha majimaji kifanywe kizito kwa unga maalumu, kiwe kama uji. Mzee akauliza kama na bia. Mtaalamu akasema bia aisahau. Mzee akageukia ukuta.

Bi Helen amefika. Aliniketisha koridoni. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alisema alinipa daftari ili aone kwa macho yangu, nami nikampa karatasi tupu. Sikujitetea. Mzee anahamia Houston. Kazi imekwisha. Ila ameniomba nimpeleke mimi, maana baba yake amekataa kupanda gari la mtu mwingine.

Neema kauliza kwa Kiingereza chake kama babu ametukasirikia. Sijui, mwanangu.

Jumamosi, 29 Machi

Tumesafiri zaidi ya saa nne. Neema alilala, Mzee alilala. Bi Helen alitusubiri, si nyumbani, bali kwenye baa ya nne, huko huko Houston. Ndiyo Whitby. Yeye ndiye aliyechagua tukutane pale.

Akaagiza nusu glasi ya bia ya kahawia. Ikakaa katikati ya meza. Hakuna aliyeigusa. Mzee alifungua kijitabu chake, akaandika tarehe, akabaki ameshika kalamu.

Akasema, "Naona hujawahi kuionja, mama. Unafuta mdomo tu."

Kumbe aliona tangu York.

Nikamtazama Bi Helen. Akasema yeye ndiye ataendesha kutoka pale. Nikainua glasi. Nikanywa funda moja, kweli, likashuka. Mungu atanisamehe, na Mama Shukuru akitaka asisamehe.

"Sema," Mzee akaniambia.

Nikasema si baridi. Chungu mwanzoni, kama ganda la mkate ulioungua. Halafu utamu unakuja nyuma, mdogo, kama kasiksi ya bibi yangu siku ya kwanza kabla haijachacha. Akauliza kasiksi ni nini. Nikasema ni bia yetu ya ndizi. Akaandika polepole, kila neno. Akauliza povu. Nikamwambia povu.

Kisha nikaifanya chai yake nzito kwa ule unga, nikaionja, nikampa. Akanywa yote. Hakukohoa.

Nimeliandika hilo kwenye daftari, nikamkabidhi Bi Helen.