Siku Zilipokatwa Simu

4 Machi

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Watoto hawajambo? Mimi nipo, ila miguu imegoma na masikio yameziba kabisa. Mtu aliyekula mshahara wa masikio maisha yake yote! Ndiyo maana naandika badala ya kupiga.

Kuna jambo nimekuficha kuhusu siku aliyokufa mama yako. Daktari siku hizi anaongea nami huku akitazama dirisha, kwa hiyo nisikawie.

Niliingia chumba cha mitambo ya simu nikiwa kijana, wakubwa wetu bado wakoloni. Taa ikiwaka unachomeka waya, unauliza, "Nambari gani?" Bendera ilipobadilishwa, niliwaunganisha mawaziri wakipongezana. Wanajeshi walipochukua nchi, nilikuwa zamuni. Baadaye zikaja mashine, zikatuondoa sote. Nchi nzima imepita mkononi mwangu, na sikumbuki nilihisi nini.

Nimechoka. Nitaendelea.

Baba yako

29 Machi

Shikamoo baba,

Sisi wazima. Barua nimeipata, lakini umebisha hodi hukuingia. Kuna nini cha kufichwa? Mama alishikwa na uchungu, mama mdogo akakimbia dukani kupiga simu gari la wagonjwa lije. Hakupiga. Wewe mwenyewe ulituambia haikuingia simu yoyote kutoka kwetu. Yeye mpaka leo anaapa eti alipiga, ikakatika. Mwongo yule, na uzee wake!

Sasa amelazwa, anatuma watu nikamwone. Nimewaambia wamjibu laini imekatika.

Chumvi punguza, baba.

Binti yako

11 Aprili

Binti yangu,

Salamu kwenu nyote. Jirani ananishikia karatasi nikiandika.

Ukimaliza kusoma, vaa viatu uende hospitali.

Mama yako alikufa siku ileile wanajeshi walipochukua nchi, na amri yao ilikuwa moja: raia asiunganishwe na mtu. Askari aliwekwa nyuma ya kiti changu, bunduki magotini. Jioni ikawaka taa ya duka la mtaani kwetu. Nikachomeka.

"Shemeji, ni wewe? Dada anatokwa damu. Nipe hospitali, haraka!"

Waya wa hospitali ulikuwa karibu na kidole changu. Nikachomoa wa kwake. Taa ikawaka tena. Nikaitazama mpaka ikazimika yenyewe, kisha nikaendelea kuunganisha kambi na kambi hadi zamu ikaisha. Nyumbani nilikuta majirani wamejaa uani. Waliponiuliza, nikasema haikuingia simu. Mama yako mdogo hakunibishia siku ile, na kila alipokuja kusema baadaye, hakuna aliyemwamini.

Miaka yote nimejiambia ilikuwa ile bunduki. Hata wewe ungenielewa, maana nani hakuogopa wakati ule?

Lakini taa ilipowaka, askari alikuwa ametoka kwenda kunywa chai. Chumbani nilikuwa peke yangu.

Baba