Nauli ya Kwenda Kliniki

Marahaba, mjukuu wangu Koku. Huku Ihanda tumeamka salama, migomba imebeba na presha yangu imetulia.

Unauliza nitakwendaje kliniki, maana mafuta yamepanda na nauli ya bodaboda nayo.

Nilipokuwa msichana, mama yangu aliugua, majirani wakambeba kwa engozi, machela yetu ya kusukwa. Kumwambia mgonjwa kuwa ni mzito ilikuwa mwiko. Aliyechoka alisema, "Nipokeeni kidogo, nifunge kamba za viatu," na wote walikuwa peku. Mama, na homa yake, alicheka.

Jana jirani yetu Byera alinipeleka kliniki kwa pikipiki yake. Nikatoa nauli. "Weka tu, bibi, nilikuwa napita huku huku," alisema, kisha akageuza, akarudi tulikotoka.

Bibi yako.