Macho Yangu Yalikuwa Kwenye Saa

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijahama mji kwa aibu.

Mimi ni msichana niliyemaliza shule juzijuzi, mpole kiasi kwamba mwalimu aliwahi kuniandika sipo hali nimekaa mbele yake. Shangazi yangu ni karani katika maabara ya chuo kikuu ambako watafiti wanatafuta namna ya kuchora takwimu ili watu wa kawaida wazielewe, na walipohitaji vijana wachache wa kufanyia majaribio akanipeleka mimi, akaninong'oneza mlangoni, "Mwanangu, usinitie aibu." Wakaniketisha mbele ya kompyuta yenye kamera inayofuata macho, wakanionyesha ramani ya tahadhari ya mafuriko, kaka mtafiti akasema, "Usigeuze kichwa, dada, tazama tu," kumbe mimi nilikuwa nimekunywa chai nyingi ili nisisinzie, nikabanwa na haja ndogo, nikaona haya kumwambia kijana wa watu, basi nikaikodolea saa ndogo iliyokuwa kwenye kona ya chini ya kioo, nikiomba muda uishe, miguu nimeisokota kama kamba.

Niliporudi kutoka chooni nikiwa mtu mpya, nikawakuta wamezunguka picha ya mahali nilipotazama, saa yenyewe haionekani kwa kuwa ni ya kompyuta, si ya ramani, ila kona ile imeiva nyekundu kwa kutazamwa sana, na kaka mtafiti anashangilia, "Profesa, njoo uone! Vijana wanatazama huku chini!" Profesa akaniuliza, "Kweli, binti, hapo ndipo panapokuvutia?" nami, kwa kuwa ulimi wangu huenda likizo nikihojiwa, nikaitikia kwa kichwa. Sasa maneno ya kuwaambia watu wahame yamehamishiwa kwenye kona hiyo, wiki ijayo ramani inatumwa kwenye simu za watu wa bondeni, shangazi ananiita "mtaalamu wetu", na ukweli ninao mimi, nisiyeweza hata kuomba chumvi mezani. Nifanyeje?

Mimi, Macho ya Kona

Macho ya Kona, nimekuhurumia, kisha nimecheka, kisha nimekasirika. Kubanwa si kosa, hata maprofesa hubanwa. Ila uliitikia jambo lisilo kweli, na hapo nakuvuta sikio. Yaani aibu yako ya dakika mbili ni kubwa kuliko mama wa bondeni anayehangaika na simu yake, maji yamefika mlangoni, na maneno yamewekwa mahali asipotazama mtu? Acha hizo.

Usianze na kaka mtafiti, utameza maneno. Mwambie shangazi leo, akiwa peke yake. Atafoka. Mwache afoke, kisha akupeleke kwa profesa. Ulimi ukigoma, andika kwenye simu: "Sikuwa natazama ramani, nilikuwa natazama saa. Naomba mnijaribu upya." Watacheka, cheka nao. Halafu kaa tena kwenye kiti kile, na usipoelewa kitu, sema kwa sauti, "Hapa sijaelewa." Walikuitia hilo tu. Bondeni wako watu wenye haya kama wewe, na hawatampigia mtu yeyote simu kuuliza. Uliza wewe kwa niaba yao.